Gharama ya Kungoja: Maegesho ya Matishari na Historia ya Uchukuzi katika Mito ya Ohio na Mississippi, 1841–2024

1.0 Utangulizi

Historia ya uchukuzi wa mitoni nchini Marekani imezoeleka kusimuliwa kama historia ya mwendo. Msomaji huonyeshwa kwanza mashua zilizochukuliwa na mkondo, kisha meli ya mvuke iliyoondoka Pittsburgh mwaka 1811 kuelekea New Orleans, kisha injini za dizeli, na hatimaye misafara mikubwa ya matishari inayobeba nafaka, makaa ya mawe, mafuta na kokoto. Katika masimulizi ya namna hiyo, mambo yanayopimwa ni nguvu na kasi. Makala haya yanauliza swali la upande wa pili: shehena ilikaa wapi ilipokuwa haiendi, nani aliilinda, na nani aliyebeba gharama ya kungoja kwake?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba faida ya uchukuzi wa matishari haikutokana na injini peke yake. Ilitokana na uamuzi wa kutenganisha chombo kinachobeba na chombo kinachosukuma, ili kile cha kwanza kiweze kungoja kwa gharama ndogo huku cha pili kikiendelea na kazi. Uamuzi huo uliunda mahali papya katika mto, yaani egesho la matishari. Hapo ndipo misafara ilipoungwa na kuvunjwa, na hapo ndipo hatari iliyokuwa imetawanyika mtoni ilipokusanyika. Kwa hiyo, anayetaka kuelewa kwa nini uchukuzi huu ni rahisi kwa mwenye mzigo hana budi kuchunguza ni kina nani wengine waliolipia urahisi huo.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa. Neno tishari linajulikana katika bandari za Afrika Mashariki kama chombo bapa kilichotumika kupakulia meli kubwa zilizotia nanga mbali na gati. Katika makala haya linatumika kwa maana hiyohiyo ya msingi: chombo bapa cha mizigo, kisicho na injini yake. Msafara ni kundi la matishari yaliyofungwa pamoja na kuendeshwa na boti moja. Egesho ni sehemu ya mto ambapo matishari hufungwa ukingoni kwa safu yakingoja kupakiwa, kupakuliwa au kuunganishwa na msafara. Lango la maji ni birika kubwa lililojengwa kando ya bwawa, lenye milango katika ncha zote mbili, ambamo maji huongezwa au kupunguzwa ili chombo kipande au kishuke kutoka kina kimoja hadi kingine.

Inafaa pia kutaja utata mmoja wa lugha. Mabaharia wa mito ya Marekani huita kazi yao kwa neno lenye maana ya kukokota, ilhali kwa zaidi ya karne moja na nusu kazi hiyo imekuwa ni kusukuma. Boti hukaa nyuma ya msafara na matishari hutangulia mbele. Kiswahili kinatuwezesha kutofautisha vitendo hivyo viwili bila shida, na tofauti hiyo ina uzito katika hoja inayofuata.

2.0 Kungoja Maji: Pittsburgh Kabla ya Mwaka 1885

Mto Ohio unaanzia Pittsburgh, mahali ambapo mito ya Monongahela na Allegheny inakutana, na unasafiri takriban kilomita 1,580 hadi Cairo, katika jimbo la Illinois, ambako unaingia Mississippi. Kingo za Monongahela zilikuwa na makaa ya mawe mengi na yaliyochimbika kwa urahisi. Miji iliyokuwa chini ya mto, kuanzia Cincinnati na Louisville hadi New Orleans, ilihitaji makaa hayo kwa viwanda, kwa meli za mvuke na kwa kupashia nyumba joto. Soko lilikuwepo na njia ilikuwepo. Kilichokosekana kwa sehemu kubwa ya mwaka ni maji.

Kabla ya kujengwa kwa mabwawa, Ohio ulikuwa mto wa msimu. Mvua na theluji iliyoyeyuka viliujaza, lakini wakati wa kiangazi kina chake kilipungua kiasi kwamba sehemu nyingine mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Wachimbaji hawakuweza kusimamisha migodi kila maji yalipopungua. Walipakia makaa katika vyombo na kungoja.

Kungoja huko kuliwezekana kwa sababu ya kazi iliyofanyika katika Mto Monongahela. Kampuni ya binafsi iliyopewa hati mwaka 1836 ilijenga mabwawa na malango ya maji, na malango ya kwanza yalianza kutumika mwaka 1841. Mabwawa hayo yaliufanya mto kuwa mfululizo wa madimbwi marefu yenye maji tulivu. Vyombo vya makaa viliweza kushuka kutoka migodini hadi Pittsburgh wakati wowote, na vikafungwa humo kwa mamia hadi Ohio ujae. Maji yalipopanda, vyombo vyote viliondoka karibu kwa pamoja, kila mwenye mali akishindana na mwenzake kuwahi kina cha mto kabla hakijashuka tena. Mji ulioonekana kuwa bandari ya kusafirisha ulikuwa, kwa siku nyingi za mwaka, bandari ya kungojea.

Vyombo vyenyewe vilikuwa vya aina mbili. Aina ya kwanza ilikuwa masanduku makubwa ya mbao hafifu, yaliyotengenezwa kwa safari moja tu. Yalipofika yalivunjwa na mbao zake zikauzwa. Aina ya pili ilikuwa matishari madhubuti zaidi yaliyokusudiwa kurudi. Hapo mwanzo vyombo vya makaa viliteremka kwa nguvu ya mkondo, vikiongozwa kwa makasia marefu. Katikati ya karne ya 19 wenye migodi walianza kuvifunga pamoja na kuvisukuma kwa meli za mvuke. Meli ya mvuke iliweza kushuka na shehena nyingi na kurudi na matishari matupu. Kwa mara ya kwanza, tishari likawa mali ya kudumu, na mali ya kudumu huhitaji mahali pa kukaa inapokuwa haina kazi.

3.0 Bwawa la Davis Island na Upana wa Futi 110

Hatua iliyofuata inaonyesha jinsi mahitaji ya egesho yalivyoacha alama ya kudumu katika miundombinu. Katika miaka ya 1870, William E. Merrill, ofisa wa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, alipendekeza bwawa lijengwe chini kidogo ya Pittsburgh, penye kisiwa cha Davis. Lengo la haraka la bwawa hilo lilikuwa kuipatia Pittsburgh bandari yenye kina cha kutosha mwaka mzima, ambamo vyombo vya makaa vingeweza kukaa, kusogezwa na kupangwa hata wakati wa kiangazi.

Wafanyabiashara wa makaa, ambao kwa kutazama harakaharaka ndio waliotarajiwa kufaidika, walikuwa miongoni mwa wapinzani wa mpango huo. Hofu yao ilikuwa na msingi. Wakati maji yalipojaa, msafara ulioungwa vizuri ulishuka moja kwa moja bila kizuizi. Bwawa lingewalazimu kuuvunja msafara, kupitisha vipande vyake katika lango, kisha kuuunga upya upande wa pili, huku maji ya thamani yakiendelea kupungua. Kwa maneno mengine, waliogopa kwamba serikali ingewaongezea kungoja kwa jina la kuwapunguzia.

Suluhisho la Merrill lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, alichagua aina ya bwawa iliyobuniwa na mhandisi wa Ufaransa, Jacques Chanoine. Bwawa hilo lilikuwa na safu ya vibao vikubwa vilivyosimamishwa wakati wa maji machache na kulazwa juu ya sakafu ya mto wakati wa maji mengi, ili misafara ipite juu yake bila kugusa lango. Pili, lango lenyewe lilipewa ukubwa usio wa kawaida kwa wakati ule: upana wa futi 110 na urefu wa futi 600. Vipimo hivyo vilikusudiwa kupitisha msafara, si meli moja. Bwawa lilifunguliwa rasmi tarehe 7 Oktoba 1885.

Umuhimu wa upana huo ulizidi maisha ya bwawa lenyewe. Bunge la Marekani liliidhinisha mwaka 1910 mradi wa kuupa Ohio kina cha futi tisa kutoka Pittsburgh hadi Cairo, na kazi hiyo, iliyohitaji mabwawa takriban hamsini, ilikamilika mwaka 1929 mbele ya Rais Herbert Hoover. Mradi kama huo kwa Mississippi ya juu uliidhinishwa mwaka 1930 na kutekelezwa kwa sehemu kubwa katika muongo huo. Katika mito yote miwili, upana wa futi 110 ukawa kawaida. Mahitaji ya wachimba makaa wa Pittsburgh wa karne ya 19 yaliendelea kuamua umbo la misafara ya nafaka ya Iowa na Minnesota katika karne ya 20.

4.0 Hesabu ya Msafara

Ili kuelewa namna vipimo hivyo vinavyofanya kazi, ni vema kufuata hesabu yake. Tishari la kawaida la mizigo mikavu katika mito hii lina urefu wa futi 195 na upana wa futi 35, na hubeba takriban tani 1,500. Matishari matatu yakifungwa ubavu kwa ubavu yana upana wa futi 105, yaani yanaingia katika lango la futi 110 na kubakiza futi mbili na nusu kila upande. Matishari matano yakifuatana yana urefu wa futi 975. Msafara wa matishari 15, matatu kwa upana na matano kwa urefu, pamoja na boti yake, unatosha katika lango la futi 1,200 kwa mara moja. Katika lango la futi 600, msafara huohuo lazima ukatwe vipande viwili, na kila kipande kivuke peke yake. Ndiyo maana, kuanzia miaka ya 1950, mabwawa mengi ya zamani ya Ohio yalibadilishwa kwa mabwawa machache marefu zaidi yenye malango ya futi 1,200.

Chini ya St. Louis hali ni tofauti. Kutoka lango la mwisho lililo karibu na mji huo hadi baharini, Mississippi hauna bwawa wala lango. Msafara hauzuiwi tena na kuta, bali na mikunjo ya mto, nguvu ya boti na ujuzi wa nahodha. Boti moja huweza kusukuma matishari 30, 40 au zaidi. Rekodi ya enzi ya mvuke ni ya boti iliyoitwa Sprague, iliyojengwa Dubuque, Iowa, mwaka 1901. Mwaka 1907 ilisukuma matishari 60 yenye shehena ya zaidi ya tani 67,000 za makaa ya mawe.

Misafara ya ukubwa huo isingewezekana kwa kukokota. Chombo kinachovutwa kwa kamba katika mto wenye mkondo na kona huyumba kwa namna isiyotawalika, na boti inapopunguza mwendo, mzigo huja juu yake. Msafara unaosukumwa hufungwa kwa nyaya za chuma hadi unakuwa kama chombo kimoja kigumu. Penye kona kali nahodha huweza kurudisha injini nyuma, akatumia usukani uliowekwa mbele ya rafadha, na kuuacha mkondo ugeuze omo ya msafara taratibu. Kusukuma kuliupa msafara breki, na breki iliruhusu msafara ukue.

Lakini msafara ukikua, kazi ya kuuunga na kuuvunja nayo inakua. Matishari 15 yanayofika St. Louis au Cairo kutoka juu hayana safari moja. Mengine yanakwenda New Orleans kupakia nafaka katika meli, mengine yanageukia Ohio, mengine yanahitaji matengenezo. Boti kubwa inayotumia mafuta mengi na kulipa mabaharia kamili haiwezi kusimama kungoja kila tishari lipate mwenzake. Msomaji aliyewahi kuona kichwa cha lori kikiacha tela kiwandani na kuondoka na tela jingine lililokwisha kupakiwa anaifahamu tayari mantiki hii. Tofauti ni kwamba tela likiachwa uwanjani linatulia. Tishari likiachwa mtoni linaendelea kusukumwa na maji usiku na mchana.

5.0 Kazi ya Egesho

Kutokana na mantiki hiyo kulizaliwa huduma inayojitegemea. Mwenye egesho hupokea matishari kutoka kwa misafara mikubwa, huyafunga ukingoni, huyakagua, huyasogeza hadi kwenye ghala au gati kwa boti ndogo za bandari, na kuyapanga kwa utaratibu ambao msafara ujao utayahitaji. Malipo mara nyingi huhesabiwa kwa tishari na kwa siku. Hivyo, kungoja kulikokuwa hasara isiyoepukika kwa mchimbaji wa Pittsburgh kulikuja kuwa bidhaa yenye bei.

Egesho lenyewe halina mengi ya kuonyesha kwa mpita njia. Safu za matishari hufungwa kwa kamba na nyaya kwenye nguzo zilizopigwa mtoni, kwenye nanga zilizofukiwa ardhini, na zamani hata kwenye miti mikubwa ya ukingoni. Uimara wa safu nzima hutegemea mafungo machache ya upande wa juu wa mkondo. Maji yakipanda, kamba iliyofungwa vizuri jana huwa fupi leo, yakishuka, hulegea. Magogo yanayoelea hukusanyika mbele ya safu na kuongeza uzito ambao mafungo hayakukusudiwa kuubeba. Tishari linalovuja polepole huzama bila sauti, na likizama huvuta jirani zake.

Kazi ya kuzuia hayo yote hufanywa kwa mikono. Baharia wa sitaha hutembea juu ya kingo nyembamba za chuma, mara nyingi zenye umande au barafu, akiwa amebeba nyaya na vifaa vizito vya kukazia. Hukaza, hulegeza, hupiga pampu, huwasha taa za usiku. Katika boti za mito hii zamu ya kawaida imekuwa saa sita kazini na saa sita mapumzikoni, mfululizo kwa siku nyingi. Waya uliokazwa ukikatika hurudi kwa nguvu inayoweza kuua. Mtu akianguka katikati ya matishari, mkondo humvuta chini ya sakafu bapa zisizo na mahali pa kushika. Sheria ya mwaka 1920 iliwapa mabaharia wa Marekani haki ya kumshtaki mwajiri kwa uzembe, na wafanyakazi wa mitoni wameitumia haki hiyo. Hata hivyo, haki ya fidia huja baada ya jeraha.

Serikali ilichelewa kuitazama sekta hii. Kwa muda mrefu boti nyingi za kusukuma zilikuwa nje ya mfumo wa ukaguzi uliohusu meli za abiria na meli za mafuta. Bunge lilitoa mamlaka ya kuzikagua mwaka 2004, na kanuni kamili zilitolewa mwaka 2016. Tofauti ya miaka kati ya bwawa la Davis Island na kanuni hizo ni 131. Serikali ilikuwa tayari kugharimia maji ya kina mapema sana kuliko ilivyokuwa tayari kukagua waliofanya kazi juu yake.

6.0 Nani Alinde Tishari Linalongoja?

Swali la ulinzi wa tishari lililofungwa lilipata jibu lake maarufu zaidi nje ya mito hii, katika bandari ya New York, mahali ambapo Mto Hudson unaingia baharini. Tarehe 4 Januari 1944, boti iliyoitwa Carroll ilikwenda kuchomoa tishari moja kutoka katika safu zilizofungwa gatini. Wafanyakazi walirekebisha kamba, lakini marekebisho hayakutosha. Safu ya matishari sita ilikatika. Mojawapo, Anna C, lililobeba unga mali ya serikali ya Marekani, lilipelekwa na maji hadi kwenye meli ya mafuta, na rafadha ya meli hiyo ikatoboa sakafu yake. Tishari lilikuwa na mlinzi wake aliyeishi humo, lakini alikuwa ameondoka jioni ya siku iliyotangulia, saa 21 kabla. Hakukuwa na mtu wa kusema kwamba maji yanaingia. Boti zilizokuwa karibu zilikuwa na pampu, ila hazikujua. Anna C likapinduka na kuzama.

Mahakama ya rufani ilitoa hukumu mwezi Januari 1947, na mwandishi wake alikuwa Jaji Learned Hand. Alieleza kwamba wajibu wa kuchukua tahadhari unategemea mambo matatu: uwezekano wa chombo kukatika, ukubwa wa hasara itakayotokea, na mzigo wa tahadhari yenyewe. Ikiwa mzigo wa tahadhari ni mdogo kuliko uwezekano ukizidishwa kwa hasara, asiyechukua tahadhari ni mzembe. Kwa kuwa ilikuwa wakati wa vita, bandari imejaa na matishari yakichomolewa na kurudishwa kila saa, kampuni iliyomiliki tishari ilipaswa kuwa na mtu ndani yake wakati wa saa za kazi za mchana. Kwa hiyo ilibebeshwa sehemu ya hasara. Jaji alikiri pia kwamba mlinzi hawezi kufanywa mfungwa wa tishari lake.

Hukumu hiyo husomwa katika vyuo vya sheria kama mwanzo wa fikra ya kiuchumi kuhusu uzembe. Kwa mwanahistoria wa uchukuzi ina maana nyingine. Kanuni iliyokuja kutumika kwa magari, hospitali na viwanda ilizaliwa kutokana na swali finyu la egesho: je, inafaa kumlipa mtu akae akitazama chombo kisichokwenda popote? Faida ya tishari ilitegemea kutokuwa na mtu. Mahakama ilisema kwamba kuna wakati kutokuwa na mtu ni akiba ya uongo.

Katika Ohio na Mississippi tishari la kawaida halina mlinzi anayeishi ndani yake. Kwa hiyo wajibu ule ulihamia kwa mwenye egesho, anayelinda mamia ya vyombo kwa watu wachache. Sheria ya bahari ilikwisha kuweka, tangu karne ya 19, dhana kwamba chombo kilichokatika na kugonga kilichosimama ndicho chenye kosa hadi ithibitishwe vinginevyo. Kanuni za shirikisho za Mississippi ya chini nazo hutaka mafungo yakaguliwe mara kwa mara na ulinzi uongezwe wakati wa maji mengi. Zote mbili zinakubali ukweli uleule: egesho ni mahali pa kazi, si mahali pa kuhifadhia tu.

7.0 Kungoja Kunaposhindikana

Matukio matatu yanaonyesha gharama inayobaki nje ya hesabu za mwenye mzigo.

La kwanza lilitokea Alabama tarehe 22 Septemba 1993. Boti iliyokuwa ikisukuma matishari sita katika Mto Mobile ilikutwa na ukungu mzito usiku. Rubani alitafuta mahali pa kufunga msafara angoje kupambazuke, akapotea na kuingia katika kijito kisichopitika. Msafara uligonga daraja la reli na kulisogeza. Dakika chache baadaye treni ya abiria ilifika darajani. Watu 47 walikufa. Uchunguzi uliofuata ulizungumzia hasa ujuzi wa kutumia rada, na masharti ya leseni yakakazwa. Ni vema kuongeza kwamba mtu yule alikuwa akitafuta kilekile ambacho makala haya yanakichunguza, yaani mahali salama pa kungojea.

La pili ni la New Orleans, wakati wa kimbunga Katrina, mwezi Agosti 2005. Tishari la futi 200 lililokuwa limefungwa katika mfereji wa viwanda lilikatika na kuishia ndani ya mtaa wa Lower Ninth Ward, juu ya makazi ya watu. Wakazi wengi waliamini kuwa ndilo lililobomoa ukuta wa kuzuia maji. Mahakama ya shirikisho iliamua baadaye kwamba ukuta ulianguka kwa sababu nyingine. Uamuzi huo ulihusu chanzo cha mafuriko, na hapo ulikuwa na uzito wake. Haukubadilisha jambo ambalo wakazi walikuwa wameliona kwa macho: kwamba chombo kilichoachwa kungoja upande mmoja wa ukuta kilikuwa, kwa muda wote huo, jirani yao.

La tatu linaturudisha Pittsburgh. Usiku wa tarehe 12 Aprili 2024, wakati wa maji mengi, matishari 26 yalikatika kutoka egesho na kuteremka Ohio bila boti. Mengi yalikuwa na shehena, ikiwemo makaa ya mawe. Madaraja yalifungwa kwa muda. Baadhi ya matishari yalifika hadi bwawa la Emsworth, na moja likazama. Hakuna aliyekufa. Bwawa la Emsworth ndilo lililochukua nafasi ya Davis Island katika miaka ya 1920. Ni sehemu ileile ya mto ambayo Merrill aliitaka iwe na maji ya kutosha kwa makaa yanayongoja.

Kinachounganisha matukio haya si uzembe wa mtu mmoja, wala ubovu wa aina moja ya kamba. Kila mojawapo lilitokea pale ambapo mahitaji ya kungoja yalizidi uwezo wa mahali pa kungojea: ukungu usio na egesho lililo karibu, dhoruba iliyopandisha maji juu ya kila fungo, mto uliojaa usiku wa manane. Na katika kila mojawapo, hasara au hatari ilimfikia mtu ambaye hakuwa na tishari, hakuwa na shehena, na hakuwa sehemu ya mkataba: abiria wa treni, mwenye nyumba, mpita darajani.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uchukuzi wa matishari katika Ohio na Mississippi ulijengwa juu ya uwezo wa kuacha mzigo ukae. Madimbwi ya Monongahela ya mwaka 1841, bwawa la Davis Island la mwaka 1885 na upana wa futi 110 uliorithiwa na mito yote miwili vyote vilitokana, kwa kiasi kikubwa, na mahitaji ya vyombo vinavyongoja au vinavyoungwa. Injini zilibadilika kutoka mvuke hadi dizeli na mizigo ikabadilika kutoka makaa hadi nafaka, lakini utaratibu wa kuacha na kuchukua ulibaki.

Funzo lake halihusu Marekani pekee. Mto Kongo, kati ya Kisangani na Kinshasa, nao una boti zinazosukuma matishari kwa umbali wa takriban kilomita 1,700, na huko matishari hubeba watu pamoja na mizigo. Mipango ya kufufua njia za maji katika mito na maziwa ya Afrika hutaja kwa kawaida idadi ya boti, kina cha njia na urefu wa gati. Historia iliyoelezwa hapa inashauri kwamba orodha hiyo iongezwe mambo mengine: chombo kitakaa wapi kinapongoja, kitafungwa kwa nini, nani atakitazama usiku, na ni nani anayeishi chini ya mkondo kutoka hapo. Mambo hayo yasipopangiwa bajeti mapema, gharama yake haipotei. Hulipwa na baharia aliye sitahani na mkazi aliye ukingoni.